Kitambaa Ndani ya Chupa

Bi Chupa hakuwa na mchezo na sinki lake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiosha vyombo vya kioo katika maabara ile, na asikudanganye mtu, kuosha chupa ya maabara si kuosha sahani. Kwanza tindikali, halafu maji ya bomba, halafu maji yaliyochujwa mara tatu, kisha oveni ya kukaushia. Ndani hapaguswi na kitu, hata kidole. Wanafunzi wageni walimwogopa kuliko mkuu wa maabara, na walikuwa na haki.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumtania akabaki salama: Daktari, binti mwembamba aliyekuja miaka minne nyuma kutafiti saratani. Bi Chupa alimpenda kama mwanawe wa kumzaa, wala hakuficha. Daktari ndiye aliyemweleza kazi yenyewe, wamekaa juu ya maboksi wakinywa chai, naye akaibeba nzima nzima hadi nyumbani kwa mumewe, fundi cherehani.

"Wanatengeneza chembe za dhahabu, ndogo hata huwezi kuziona," alimwambia. "Wanamdunga panya mwenye uvimbe. Zikishajikusanya kwenye uvimbe, wanaumulika kwa leza. Dhahabu inapata moto, uvimbe unaungua, nyama ya jirani inabaki salama."

"Na panya anasemaje?"

"Kamuulize mwenyewe, si mmefanana masharubu!"

Chembe zikitoka sawa, maji yake huwa mekundu ya kupendeza. Zikigandana, huwa ya buluu, na kazi yote humwagwa. Jumatatu ile yalitoka ya buluu. Jumanne vilevile. Jumatano Daktari alijitupa kitini, kichwa mikononi. Jaribio lilikuwa Ijumaa, panya tayari, leza imeshaazimwa kutoka idara nyingine.

"Basi, mama," alisema. "Utaratibu wangu ndio mbovu. Kesho namwambia mkuu nafunga kazi. Miaka minne nilikuwa najidanganya."

Bi Chupa aligeuka kuziangalia chupa zake. Oveni ilikuwa imeharibika wiki iliyotangulia. Chupa zilikuwa zinadondosha maji, Daktari ana haraka, na yeye kwa huruma akachukua kipande laini cha bitana alichopewa na mumewe, akazikausha ndani mpaka kioo kikameremeta. Alifanya kwa mapenzi. Unyuzi mmoja unatosha kuharibu dhahabu yote, na hilo ndilo alilowafokea wanafunzi miaka nenda miaka rudi. Jumatatu alijiambia haiwezekani. Jumanne akajiambia tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Angeweza kunyamaza. Oveni ingetengenezwa, chupa zingerudi kuwa safi, na jina lake lingebaki bila doa. Lakini mtoto huyu angekuwa ameshafunga kazi. Bi Chupa akapiga moyo konde.

"Si utaratibu wako," alisema. "Ni mimi. Nilizifuta ndani kwa kitambaa."

Daktari akainua uso. "Wewe?"

"Mimi, mwanangu. Mnifukuze mkitaka, ila usifunge."

Daktari alichukua chupa moja, akamkabidhi. "Nioshee hii," akasema. "Kama zamani."

Bi Chupa aliiosha, akaiinamisha ikauke yenyewe. Alhamisi asubuhi walisimama bega kwa bega mbele ya jiko la maabara. Maji yenye dhahabu yakachemka, yakageuka meusi, na Bi Chupa akafumba macho. Alipofumbua yalikuwa mekundu.

Daktari alipiga ukelele, akamkumbatia na aproni yake iliyolowa. Halafu akafungua daftari, akaandika: chupa zilifutwa ndani.

"Andika na aliyezifuta," Bi Chupa alisema. "Usinifiche."

Daktari alirudisha kurasa hadi ile ya kwanza kabisa, ya miaka minne nyuma, akamwonyesha hatua ya kwanza ya utaratibu wote: "Chupa zioshwe na Bi Chupa. Kama hayupo, subiri."

"Umeshaandikwa siku nyingi, mama."

Bi Chupa alisoma mara mbili, akalia waziwazi bila kuona haya. Kisha akakunja mikono ya gauni akaenda kwenye sinki, maana Ijumaa ilihitaji chupa sita.