Uzito wa Kukaa Mbele ya Tela

Kila nikipita karibu na lori lililosimama kando ya barabara, likinuka mpira uliochemka, narudi Segese, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambamo mchana kutwa nilikuwa na kuku mmoja tu wa kuzungumza naye. Naye hakuwa msikivu.

Mama alikuwa amefariki. Baba aliendesha trekta la tajiri mmoja, akivuta tela lenye viroba vya mawe ya dhahabu kutoka machimboni hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Aliondoka nikiwa nimelala, akarudi jua likizama. Kabla hata ya kuniangalia, aliweka kiganja kwenye kila tairi la tela, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. Niliyaonea wivu matairi yale, siwafichi.

Jioni moja ya likizo, baba alipokwenda kuoga, nilifungua kifuniko cha valvu ya tairi la kushoto, nikabonyeza kwa njiti. Nilitaka aamke akute pancha, ashinde nyumbani na mimi. Kumbe upepo niliotoa ulikuwa mdogo mno. Alfajiri nikasikia trekta likiondoka.

Siku hiyo sikula. Nilishamsikia akimweleza jirani kwamba tairi lenye upepo kidogo likibebeshwa mawe huchemka mpaka likapasuka, na tela likipinduka huweza kuvuta trekta na dereva wake. Nikakaa mlangoni na kile kifuniko mkononi. Kila injini iliyonguruma barabarani nilisimama, na kila mara haikuwa yake. Sijawahi kuwa mpweke vile tena, hata ukubwani.

Alirudi amejaa vumbi, viganja vina malengelenge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tairi la kushoto lilikuwa na homa. Nimeligusa mapema, nikashusha viroba vyote peke yangu, nikajaza upepo."

Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akakiacha hapo. Ngumi yangu nilikuwa nimeifumba. Akaitazama.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "kesho twende wote. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tela linanyanyua shingo yake pale linaposhikana na trekta. Nahitaji mtu wa kukaa mbele."

Nililala nimekishika kifuniko. Asubuhi hakikuwa mkononi mwangu. Nilikikuta kwenye valvu yake, kimekazwa.

Likizo yote nilikaa juu ya viroba vya mbele, nimevimba kichwa kwa cheo changu. Tukisimama nilikataa kushuka hata kwenda haja, nikihofia tela litainuka. Baba alinisubiri kwa subira, akiniapia kwamba ataliegemea mwenyewe mpaka nirudi.

Leo nami navuta tela, na najua hesabu za mizigo. Nilikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwepesi kuliko kiroba kimoja cha mawe. Tela lile halikuwa na haja na uzito wangu hata kidogo. Mwenye haja alikuwa baba, ambaye naye alishinda peke yake barabarani mchana kutwa, na mimi nilidhani upweke ule ni wangu tu.