Kuzunguka Bwawa Siku ya Ijumaa

Muuguzi wa kliniki ya kisukari alimwambia baba awe anatembea kila siku. Baba akamjibu kwa heshima kwamba yeye ametembea tangu azaliwe. Ni kweli, miaka yote alikwenda shambani Namawala kwa miguu na kurudi kwa miguu. Ila mwaka huo mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi, majaruba yake ya mpunga yakachukuliwa na jirani, na baba akawa anashinda barazani kwetu Ifakara akitazama barabara. Mimi nilishinda ndani nikitazama simu. Nilikuwa na shahada ya mipango na nilikuwa nimeomba kazi na kukataliwa mahali pengi kiasi kwamba ujumbe ukiingia, niliiweka simu kifudifudi kwanza.

Safari ya bwawani ilikuwa wazo langu. Niliona picha zake mtandaoni: maji meusi katikati ya msitu, chini ya milima, na njia inayoyazunguka. Unapanda basi la asubuhi, unashuka mbele kidogo ya Mang'ula, unatembea dakika ishirini. Nilifikiri juu ya safari hiyo kwa wiki tatu. Nilifikiri nyoka, tembo, mvua, utelezi, na basi la kurudi likijaa tutafanya nini. Nilibeba mwavuli, bandeji, maji lita tatu na mihogo ya kuchemsha kwenye bakuli la plastiki. Nikachagua Ijumaa kwa sababu mabasi hayajai. Baba alikubali kwa sharti moja, kwamba saa kumi tuwe tumerudi, awahi ibada ya Njia ya Msalaba kanisani. Ilikuwa Kwaresima.

Asubuhi hiyo nilimwona akimeza kidonge chake kwa maji. Hakuwahi kuruka hata siku moja.

Kwenye kizuizi cha msitu mlinzi alitutazama kuanzia viatuni.

"Shikamoo mzee. Mnakwenda wapi?"

"Marahaba. Tunatembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Tunazunguka bwawa," nikasema mimi.

"Mkishazunguka?"

"Tunarudi hapa."

Mlinzi akafikiri. "Sasa si mngebaki tu hapa hapa?"

Baba akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. "Mwanangu amesoma," akamwambia. "Usimuulize maswali magumu."

Nusu ya kwanza ilikuwa nzuri, na huwa naikumbuka kwa tabu. Miti iliyokufa ilisimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa. Mbega walikuwa wanarukaruka juu yetu na kudondosha majani. Baba alitembea mbele, fimbo mkononi, polepole lakini bila kusimama, na nyuma yake mimi nilianza kujipongeza. Tulipofika kwenye gogo lililoanguka nikafungua bakuli.

"Baba, kula kidogo."

"Baadaye, mama."

Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo. Nikalifunga bakuli. Mbele kidogo nikajaribu tena, akasema tena baadaye. Basi nikaanza kufikiri. Labda mihogo imezidi chumvi. Labda anaona aibu kulishwa na mtoto ambaye hana kazi. Labda amechoka na mimi, amekuja kwa kunihurumia tu. Nilitembea muda mrefu na fikra hizo, nikazipanga, nikazijibu, na kwa muda wote huo nilikuwa naitazama shingo yake ikilowa jasho, nikidhani ni jua.

Halafu akasimama na kusema, bila kugeuka, "Mwambie mama yako awashe taa."

Ilikuwa karibu saa sita mchana. Mama tulimzika nikiwa kidato cha nne.

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na unatetemeka. Simu haikuwa na mtandao. Mbele yetu, ufukweni, kulikuwa na vibanda viwili vya wavuvi, nikamkokota hadi pale, miguu yake ikijikwaa kama ya mlevi. Mwanamume aliyekuwa anashona wavu aliruka, akamlaza kivulini, akakimbilia kibandani na kurudi na chupa ya soda.

"Mpe hii."

Nikaisukuma ile chupa. "Ana kisukari! Unataka kumuua?"

Pale kliniki ukutani kuna picha ya soda yenye alama nyekundu ya mkato. Niliikumbuka vizuri, na nilisimama kati ya baba yangu na ile chupa nikiwa na uhakika ambao sikuwahi kuwa nao katika jambo lolote. Sijui nilisimama hivyo dakika ngapi. Macho ya baba yalikuwa wazi lakini hayakunitazama.

Mwanamke aliyekuwa anakausha samaki kwa moshi akaja, mikono imejaa masizi. Lafudhi yake ilikuwa ya Kisukuma.

"Mzee amekula?"

"Nimempa mihogo akakataa."

"Sikuuliza umempa nini. Amekula?"

"Sijui."

"Humjui baba yako kama amekula, soda unaijua." Akanisogeza kwa nyonga kama mtu anavyosogeza mbuzi mlangoni, akachovya kidole kwenye kopo la sukari ya chai, akamsugua baba ndani ya mdomo, kwenye fizi. Akachovya tena. "Mama mkwe wangu alikuwa hivi hivi. Sukari ikishuka inaua haraka kuliko ikipanda. Hawakukwambia?"

Labda walituambia. Labda siku hiyo nilikuwa natazama simu.

Baada ya muda baba alimeza. Kisha akanywa soda, kidogo kidogo, yule mwanamke akimshika kichwa. Rangi ilipomrudia, alijipangusa sukari kidevuni, akatazama vidole vyake.

"Leo Ijumaa," akasema. "Mmenivunjia mfungo."

"Mzee," yule mwanamke akajibu, "ungekwenda kuumalizia kaburini."

Mvuvi alipanda kilimani kutafuta mtandao, akaita bodaboda, tukapakiwa watatu, baba katikati, hadi zahanati. Huko ndiko nilikojua. Hakuniambia mimi. Alimwambia daktari, nami nimesimama pale nimeshika mfuko wa dripu. Tangu Jumatano ya Majivu alikuwa hali chochote Jumatano na Ijumaa mpaka jua lizame. Uji niliokuwa namwachia alikuwa anawamwagia bata.

"Wagonjwa wameruhusiwa kutofunga, mzee," daktari akasema.

"Hii si ya Kwaresima tu. Ni nadhiri."

"Ya nini?"

"Mtoto apate kazi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apate."

Daktari alinitazama, halafu akatazama pembeni. Akasema kidonge kile bila chakula kinashusha sukari mno, na siku nyingine anaweza asiamke.

Tulirudi nyumbani. Nilimlilia, akanisikiliza. Padre alikuja, akamwambia Mungu haombwi hivyo. Baba akamshukuru kwa kuja, akamchagulia bata wa kuondoka naye. Jumatano uji ulipoa mezani. Nilivificha vidonge, sukari ikapanda mpaka akawa haoni vizuri, muuguzi akanigombeza mbele ya watu. Vidonge vikarudi. Alhamisi moja jioni nilimtazama akiwa ameketi barazani, mguu mbaya juu ya kigoda, nikapiga hesabu ya saa zilizobaki mpaka Ijumaa.

"Baba," nikasema, "nimepata kazi."

Alivua kofia. "Wapi?"

"Ofisi ya mradi. Kivukoni, pale mtoni karibu na daraja."

Asubuhi aliomba uji mwenyewe, akasema usiwe mwepesi.

Sasa napiga pasi sketi kila siku, natoka na begi, natembea hadi Kivukoni. Naketi karibu na daraja, natazama mitumbwi, natuma maombi ya kazi mpaka chaji inaisha. Wavuvi wamenizoea. Mmoja aliniuliza kama nimetumwa kuhesabu samaki. Saa kumi narudi, na baba ameniwekea kipande kikubwa cha samaki, kwa sababu nimetoka kazini. Majirani wananipa hongera. Juzi akaniuliza bosi wangu ni mtu wa namna gani. Ningeweza kujibu kwa neno moja, lakini mimi sijui kujibu hivyo. Nikampa bosi huyo kabila, nikampa watoto watatu, nikampa ukali wa asubuhi na kikohozi kisichoisha.

Jioni hiyo, kupitia ukutani, nilimsikia baba anasali. Alishukuru kwa ajili yangu. Halafu akamwombea yule bosi, kwa muda mrefu, apone kikohozi.