Siku Niliyoipeleka La Paz Baharini

Chekeni kwanza, mmalize kabisa, ndiyo nisimulie, maana hii habari bado inanichoma, nikiikumbuka nikiwa peke yangu dukani najifunika uso na sweta mpaka mteja ananiuliza kama naumwa. Mimi Eliya, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, muuza masweta na mablanketi ya mtumba hapa mtaa wa pili kutoka Msimbazi, nilisimama mbele ya wakwe zangu watarajiwa nikauchukua mji mzima wa milimani nikaushusha ufukweni. Tena nikauwekea na nyangumi.

Ilikuwa Jumapili, siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Devota. Devota ni Mngoni, kwao Songea ila yeye kazaliwa hapa hapa Ilala, wazazi wake wana nyumba nyuma ya soko la Mchikichini, na baba yake ni mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha kitu. Mimi nilikuwa na baba yangu mdogo aliyepanda basi kutoka Moshi kwa kazi hiyo moja (kavaa koti na kofia, kwenye joto lile la Dar, anatiririka jasho kama bomba limepasuka) na shangazi yangu wa Tabata.

Mambo yalianza vizuri sana. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi, soda zikafunguliwa, jikoni pilau inanukia, na baba mdogo akaanza kunisifia, mwanetu ni mfanyabiashara, mwanetu anasafiri nchi za nje (nilishafika Namanga mpakani, upande wetu), mwanetu hivi, mwanetu vile. Mimi najichekea tu.

Sasa, zawadi ya Mwalimu nilikuwa nimeitoa dukani kwangu, sweta zito la sufu, zuri kweli, lina mchoro wa wanyama wenye shingo ndefu kifuani. Mwalimu akalitoa kwenye mfuko, akaligeuzageuza, akavaa miwani.

"Hawa ni lama," akasema. "Hili sweta limetoka wapi, kijana?"

Ukweli ni kwamba lilitoka kwenye belo. Unanunua belo la mitumba limefungwa, unalipasua, unakuta yaliyomo, basi, nguo ilikotoka anajua Mungu. Ningesema hivyo tungekula pilau tukaondoka. Lakini baba mdogo kaniangalia kwa macho yale ya kusema haya, mwanangu, waonyeshe, na mimi kichwani kuna jina nililowahi kuliona kwenye lebo ya sweta jingine zamani, likanitoka lenyewe.

"La Paz, mzee. Kule Bolivia. Nililichukua mwenyewe."

Mwalimu akasimama. Nasema alisimama, mzee wa magoti mabovu, aliinuka kwenye kochi kama kaitwa jina.

"Umefika La Paz? Wewe? Kwa miguu yako?"

Nikasema ndiyo. (Mngefanyaje?)

"Mama Devota! Njoo usikie! Toeni viti nje, uani!" Akanishika mkono, akaniambia maisha yake yote ya ualimu amefundisha miji ya milima ya Andes, mji huo ameuchora ubaoni mpaka anaweza kuuchora kafumba macho, na hajawahi kukutana na binadamu hata mmoja aliyeukanyaga. Akatuma watu waitwe, wakaja majirani, wakaja walimu wenzake wastaafu wawili, akaja mama mmoja aliyekuwa anapita tu akaona viti. Kufumba na kufumbua niko uani, watu kama ishirini wamenizunguka, habari ya posa imesahaulika kabisa.

Nikaomba kwenda chooni.

Kwenye mlango wa jikoni Devota kanidaka. "Eliya, umefika wapi wewe?"

"Nitakwambia."

"Niambie sasa hivi."

Nikaingia chooni, nikafunga komeo, nikatoa simu, nikaandika maneno mawili tu, La Paz. Mtandao unazunguka, jasho linanitoka, ukurasa ukafunguka, na niliposoma nikamshukuru Mungu kwa sauti, maana kumbe mji wenyewe rahisi! Uko kando ya bahari, jua mwaka mzima, kuna barabara nzuri ya kutembea ufukweni, wavuvi, na msimu fulani nyangumi wanakuja. Nikajisemea hii si Dar tu, nitashindwaje kuielezea? Huko juu ya ukurasa palikuwa pameandikwa Meksiko, nchi nyingine yenye La Paz yake. Nawaapia niliona. Nikapita kama mtu anayepita kibao cha usikojoe hapa.

Mlango ukagongwa. Shangazi. "Eliya, tumbo?"

Nikatoka, nikakaa, nikaongea, na kinachoniuma zaidi ni kwamba niliongea vizuri. Nikawaambia ni mji wa joto, ukitoka ndani saa nane shati linaloa. Jioni watu wanapunga upepo kandokando ya bahari, kama Kivukoni tu, samaki wanauzwa wabichi kabisa, na ukibahatika unawaona nyangumi. Mama mmoja akapiga makofi. Baba mdogo akasema, "Huyo ndiyo mwanetu!" Nikanogewa, nikaongeza na ambavyo hata simu haikuniambia, nikasema matajiri wamejenga huko juu vilimani wapate kuona bahari, maskini wako chini.

Nikamtazama Mwalimu. Ile furaha ilikuwa inamtoka usoni polepole, naiona inavyotoka, na mimi naendelea kuongea ili isitoke.

"Bahari," akasema mwishowe. "Bahari gani?"

"Ile… kubwa, mzee."

"Bolivia haina bahari, kijana. Walikuwa na pwani, wakapigana na Chile, wakanyang'anywa. Mpaka leo wanailia."

Nikajaribu kucheka, mdomo ukakataa. Na Mwalimu hakunifokea, jamani, angenifokea ingekuwa nafuu. Alichofanya ni kuchukua beseni la kufulia, akamwaga maji yake, akaliweka juu ya meza mbele ya wote.

"Mji wenyewe uko humu," akasema, akigonga kitako cha beseni. "Wahispania walianzia huku juu, kwenye uwanda, upepo na baridi vikawachapa, hata wiki haikuisha wakashuka kujificha bondeni. Palikuwa na mto wenye dhahabu. Siku hizi sehemu kubwa ya huo mto inapita chini ya barabara, wameufunika kwa zege, mtu anatembea juu yake hana habari. Misafara ya fedha kutoka migodi ya Potosi ilipumzika hapo, wasafiri wanakula, wanalala, wananunua, pakawa mji. Kama Kariakoo yetu, ilianza kambi ya wapagazi wa vita, tazameni leo."

Kidole chake kikapanda ukingoni mwa beseni. "Watu wakajaa, wakapanda kuta, wakamwagikia nje huku juu, wakulima, wachimba madini waliokosa kazi, wakafyatua matofali ya udongo wakajenga. Huko ndiko El Alto, kitongoji kilichogeuka mji, na kwa watu kimeuzidi mji uliokizaa. Wanapanda na kushuka kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, vinapita juu ya mapaa. Na matajiri wako chini kabisa, kijana, kwenye hewa ya kutosha na vuguvugu. Maskini ndiyo wako juu kwenye baridi. Umewageuza."

Akanitazama. "Mji mzima, na masoko yake na shule zake, uko karibu usawa wa Horombo, kituo cha wapanda mlima. Wewe mtoto wa Kilimanjaro, Horombo umefika?"

"Hapana, mzee."

Ndiyo ukweli wa kwanza niliousema siku ile.

Hapo hapo yule mama aliyekuwa anapita tu, ambaye hata jina lake sijui mpaka leo, akawa ameliinua sweta anaangalia lebo ya shingoni. "Mbona hapa wameandika Uturuki?"

Sijui niwaelezeje kicheko kile. Watu walishikana mabega, mwalimu mmoja mstaafu alichuruzika machozi, baba mdogo kavua kofia kaiweka mapajani anaikodolea macho, na Devota alikuwa amesimama mlangoni na sinia la pilau. Hakucheka. Akageuka akarudi nalo ndani.

Mwalimu alilikunja sweta taratibu, mikono juu ya kifua, chini juu, akalirudisha kwenye mfuko, akaniwekea magotini. "Leo tumeonana, inatosha," akasema. Posa haikupokelewa, na pilau hatukula.

Wiki tatu zikapita. Baba mdogo alirudi Moshi bila kuniaga, na Devota alinitumia ujumbe mmoja tu: "Sijakukataa. Nenda kwa baba." Nilichukua siku tatu kupata ujasiri wa kutembea mwendo wa dakika kumi na tano. Nikafunga duka saa sita mchana, nikamkuta anafagia uani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, sijafika. Sijawahi hata kupanda ndege."

"Najua. Kaa."

Akamaliza kufagia, akakaa na yeye.

"Unajua siku ile nilikuwa na swali moja tu?" akasema. "Urefu wa ule mji naujua. Mvua yake naijua, madini yake, makabila yake. Hakuna kitabu kilichowahi kuniandikia kwamba ukiamka asubuhi pale kunanukia nini. Nikasema leo Mungu kaniletea mtu wa kumuuliza."

Nilidhani nimeshaumia kadiri ya kuumia siku ya kicheko, kumbe bado. Nikasema, "Sijui, Mwalimu."

"Basi tuko wawili," akasema. "Mwambie baba yako mdogo aje Jumapili ya pili. Na asivae koti."

Tulifunga ndoa, asanteni, Devota ananicheka mpaka leo na ana haki. Lakini si vicheko ninavyoviogopa, ni yule mzee alivyosimama kwenye kochi na magoti yake yale. Nimeapa sitamwambia mtu nimefika mahali nisipofika, hata ikiwa ni Bagamoyo.