Leso za Mali Kauli

Kwa miaka tisa nilichukua leso Biashara Street kwa mali kauli: nabeba mzigo leo, nauza, nalipa Alhamisi, na katikati hapana karatasi wala shahidi. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu ambaye sote tulimwita Ami. Wenzangu wengi aliwataka watie sahihi kwenye daftari lake jekundu. Mimi nilisema "Alhamisi" tu, naye akafunga mzigo kwa kamba huku akiniuliza habari za nyumbani. Nilijivunia jambo hilo kupita kiasi, sitaficha, na nilipenda wenzangu waone.

Mwaka jana mama mmoja wa Kibokoni aliniagiza pea arubaini za sare kwa harusi ya bintiye. Nikazichukua kwa Ami, nikazikata na kuzipinda mwenyewe, nikampelekea. Harusi ikafana, pilau nikala, pesa sikuziona. Kila nikimpigia huniambia, "Ngoja kidogo, mwanangu, wageni hawajaondoka." Wageni gani hao wasiokwisha? Jumatano ikafika, na kesho yake ndiyo siku ya kumlipa Ami.

Ningeweza kwenda kwa Ami nikamweleza ukweli. Angenipa wiki, nalijua hilo sasa. Lakini sikuwa nimewahi kumwomba hata siku moja, na niliona haya kuanza. Nikakaa kitako jikoni, nikaomba mkopo wa simu.

Simu haina salamu. Iliniuliza namba ya kitambulisho, kisha ikataka mtu wa karibu anayenijua. Sikumwandika ndugu yangu wa Likoni, ambaye simu yake huzimwa nusu ya mwezi. Nilimwandika Ami. Kwetu ukiulizwa nani akujuaye, unamtaja mtu wa heshima, nawe ukapata heshima kidogo kwa kumtaja. Nilidhani na hao wa simu wanauliza kwa nia hiyo hiyo. Pesa ziliingia kabla chai haijachemka, na Alhamisi nikamlipa Ami zote, akaniombea dua.

Siku ya kulipa mkopo ilipofika, yule mama wa Kibokoni alikuwa amenipa nusu tu. Siku ya kwanza ya kuchelewa walinitumia ujumbe. Siku ya pili akanipigia kijana mwenye sauti ya upole, akaniuliza ninalipa lini. Siku ya tatu sauti ilikuwa nyingine, na upole haukuwepo.

"Tutampigia mtu wako."

"Huyo ni mzee, ana presha," nikamwambia. "Nakuomba, mwanangu, usimpigie."

Akakata.

Kuanzia hapo kila simu ilipolia mkasi uliniponyoka. Niliogopa, tena uoga wa kitoto, wa kujificha nyuma ya mlango. Mara mbili nilitoka nyumbani nimeazimia kumwahi Ami kabla hawajamfikia, na mara mbili nikafika pembeni mwa barabara, nikanunua nazi nisizozihitaji, nikarudi. Hata nazi zenyewe zilikuwa mbovu. Nilimlaani mama wa Kibokoni na pilau lake, kisha nikajilaani mwenyewe. Siku ya tano niliuza bangili niliyoachiwa na mama yangu, nikalipa mkopo na riba yake yote. Nikajipa moyo kwamba labda hawakumpigia.

Jumatatu nikaenda kuchukua pea thalathini za harusi nyingine.

"Sabalkheri, Ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Kaa kitako. Nyumbani wote hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Na wewe, presha vipi?"

"Ni hivyo hivyo. Twashukuru."

Nikamtazama usoni nikitafuta dalili, sikuona kitu. Akanishushia leso nilizozitaka, akazihesabu, akaniuliza harusi yenyewe ni ya kina nani. Nikamjibu kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika. Akafunga mzigo kwa kamba kama siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile kifua changu kikalegea.

"Ntakuletea Alhamisi, Ami, inshallah."

"Inshallah."

Kisha akavuta mtoto wa meza. Akatoa lile daftari jekundu, akafungua ukurasa mpya, akaandika pea thalathini na siku ya Alhamisi. Akanigeuzia daftari pamoja na kalamu, macho yake yakiwa kwenye mzigo.

"Tia sahihi hapo, mwanangu."

Nilitaka kumuuliza ni nani aliyempigia, na walimwambia nini, na kama walimpigia zaidi ya mara moja. Nilitaka kumwambia kwamba zile pesa nilizikopa kwa ajili yake. Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu na la baba yangu na la babu yangu, herufi moja moja.

Ami akavaa miwani, akalisoma taratibu mpaka mwisho, kana kwamba ndiyo kwanza analijua.