Kilio cha Papa, Naye Yuko Hai

Mpaka leo namwona shangazi yangu akianguka mbele ya lango letu la bati pale Panda, mtaa wetu wa Likasi, kitenge kimemlegea kiunoni, akiita kwa sauti ya kupasuka: "Kaka yangu! Kaka yangu ananiacha na nani?" Kaka yake, yaani papa, baba yangu mzazi, alikuwa chumbani nyuma ya pazia, mzima kabisa, anatafuna karanga. Aliyemwua ni mimi.

Acha nieleze tangu mwanzo. Mimi ni mtu niliyejisomesha. Nilitoka Likasi sina kitu, nikafika Dar es Salaam, nikabeba saruji, nikaosha sahani za wageni, nikachomelea mageti ya matajiri, na kwa jasho hilohilo nikasoma mambo ya sinema mpaka nikapata diploma. Hakuna mjomba aliyenitumia hata soksi. Diploma hiyo imetundikwa sebuleni kwa papa, juu ya televisheni, na mgeni akiingia huonyeshwa kabla hajapewa kiti. Sioni haya kulisema. Katika kambi yetu ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, ambamo babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, mimi ndiye wa kwanza kurudi na elimu ya namna hiyo. Hata Kiswahili hiki ninachoandika nimekitoa hukohuko Dar es Salaam.

Niliporudi nikataka filamu yangu ya kwanza niipige nyumbani kwetu. Si filamu ya wachawi, wala ya mapasta wanaofukuza pepo huku watu wanagaragara. Filamu tulivu. Binti mkubwa amebaki na baba yake. Kuna kazi inamngoja mji mwingine. Baba hasemi ndiyo, hasemi hapana, na siku zinapita juu ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Mwishoni baba anakufa bila kutamka lolote. Binti anakaa kwenye mkeka, anatazama mlango. Basi.

Habari hiyo sikuitoa mbali. Yaya, dada yangu mkubwa, alisomea ualimu Mulungwishi, akaja nyumbani kumzika mama, na hakuondoka tena. Papa alikuwa amestaafu na kifua kilichojaa vumbi la mgodi, na lazima awepo mtu wa kumchemshia maji na kumpikia. Mwaka niliorudi, mama mmoja wa kanisani alifungua shule ya watoto wadogo Lubumbashi, akamwomba Yaya akaiongoze. Jibu lilitakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Lakini kwetu binti hatoki katika nyumba ya baba bila neno la baba. Akitoka hivyo ametoka kama mwizi, na kila litakalomharibikia huko watu watajua limetoka wapi. Yaya aliomba neno hilo. Papa akasema, "Tutaona," akaongeza sauti ya redio.

Yaya hakuuliza tena. Aliendelea kuosha vyombo, akiimba pambio zake. Nikadhani ameridhika. Nikadhani hata hiyo kazi haimchomi sana. Basi nikampa nafasi ya yule binti.

"Minye sijue kucheza filme," akasema.

"Hutacheza, Yaya. Utakaa tu."

"Kukaa?" Akacheka. "Ile najua muzuri."

Papa alikubali kufa bila ubishi. Alikuwa na sharti lake tu. "Usiniweke mu sanduku, mutoto. Sanduku apana."

"Hakuna sanduku, papa. Utakuwa chumbani, kamera haitakuona."

"Bon. Na nitakula nini kule?"

Ndipo zikanunuliwa karanga.

Sasa, kwetu penye kilio huwekwa matawi ya mchikichi kwenye kona ya barabara, ili magari yapunguze mwendo na anayemjua marehemu aingie. Mwalimu wangu wa sinema alikuwa akituambia kwamba picha ikidanganya katika kitu kidogo, mtazamaji hataamini kikubwa. Asubuhi ya kupiga picha nikayachomeka matawi yale kwa mikono yangu, mabichi, marefu, mazuri. Majirani wa ukuta kwa ukuta nilikuwa nimewaeleza, maana ndio waliopangwa kuwa waombolezaji. Wa mbali sikuwaeleza. Na tawi halina namna ya kusema kwamba lenyewe ni la sinema.

Watu wakaanza kuingia. Wakaja wanakwaya, wakaja wazee waliochimba pamoja na papa, wamevaa makoti yao ya Jumapili juani. Nikafurahi, nikidhani habari za filamu yangu zimeenea mji mzima. Nilikuwa nawapanga kwenye viti, huyu huku, yule kule penye mwanga, niliposikia ile sauti langoni. Shangazi yangu huishi Kapolowe, analima mahindi. Kuna mtu alikuwa ameona matawi akampigia simu.

Nikajipenyeza kati ya viti nimfikie. Nilichelewa. Shangazi alitambaa uani mpaka kwenye mkeka, akamkumbatia Yaya, akamwaga kilio ambacho hakuna chuo kinachoweza kukifundisha, na wanawake wote wakampokea. Nikamwona Yaya anafungua kinywa. Nikashukuru Mungu: sasa atamwambia kwamba ni filamu.

Hakumwambia. Akaanza kulia kwa maneno.

Wasio wa kwetu waelewe jambo hili. Mwanamke wa ukoo wetu anapolia msiba husema na marehemu ana kwa ana. Humsifu, na akitaka humlaumu. Maneno ya kilio hayana kesi. Marehemu hawezi kujibu, na walio hai hawaruhusiwi kuuliza kesho yake.

"Papa eee," Yaya alilia, "uliniambiaka ngoya, nikangoya. Mama alikufa, ukasema ngoya. Kifua ikakushika, ukasema ngoya. Minye niko mwalimu, papa, mwalimu wa sufuria! Batoto ya bengine banasoma, minye nafundisha moto kuwaka. Nilikuomba neno moya tu, ukafungua redio. Sasa umelala nayo mu kinywa. Unaenda nayo ku kaburi, papa, neno yangu!"

Nikashika mguu wa kamera. Nilikuwa nimemwandikia ukimya. Miezi yote ile nilikula chakula chake, nikaandika habari za binti aliyebaki, na aliyebaki alikuwa amebeba haya. Majirani niliowaeleza nao walikuwa wanalia machozi ya kweli.

Ndipo pazia likasogea.

Papa alitoka na fulana yake ya ndani, maganda ya karanga kifuani. Viti vilipinduka. Mzee mmoja mwenye fimbo alikimbia akaiacha fimbo. Mwanakwaya mnene akanyoosha mkono: "Rudi ulikotoka, mu jina ya Yesu!"

"Nirudi wapi?" papa akajibu. "Hii iko nyumba yangu."

Shangazi alivua kiatu. "Weye! Nimelia toka Kapolowe, sauti imekwisha, na weye unakula karanga?" Akampiga begani, akamkumbatia, akampiga tena.

Papa hakujikinga. Alikuwa anamtazama Yaya.

"Sema tena," akamwambia.

Hili halijawahi kuonekana: marehemu amejibu. Nikajitia katikati, nikasema, "Papa, ilikuwa filamu tu."

"Weye nyamaza na mashini yako. Minye nauliza mutoto yangu."

Yaya angeweza kutokea mlango huo niliomfungulia. Angesema ndiyo, papa, ilikuwa mchezo, na maisha yangerudi palepale. Aliinuka kwenye mkeka, akajifuta uso kwa kitenge, akasema polepole, bila kuimba:

"Nataka kwenda kufundisha. Nakuomba neno yako, papa. Kama iko apana, sema apana. Lakini usiende nayo ku kaburi."

Papa alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, na hapo nikajua kwamba mzee huyu alikuwa anaogopa, "Na bukari, nani atanipikia?"

"Weye ulikufa leo," shangazi akasema. "Mufu haulizaka bukari."

Kuna aliyecheka, akajiziba mdomo. Papa aliokota ile fimbo iliyoachwa, akatoka langoni. Tukamfuata wote, nikiwemo mimi na kamera yangu begani, ikiendelea kurekodi, sijui kwa nini. Alikwenda mpaka kona. Kwetu matawi hung'olewa na mkubwa wa nyumba, na akishayang'oa ndiye anayewaruhusu watu kuondoka. Papa aliyang'oa mwenyewe, moja moja, akikohoa, na nilipotaka kusaidia akanisukuma kwa kiwiko.

"Kilio kimeisha," akasema. "Kila muntu arudie kazi yake."

Watu wakaanza kutawanyika, wengine wakitazama nyuma. Yaya alibaki amesimama. Papa akamgeukia, matawi mikononi.

"Weye unangoya nini tena? Nimesema kila muntu."

Yaya alipiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya magari. Papa akamwekea mkono kichwani.

Aliondoka kabla shule hazijafunguliwa. Filamu nimeimaliza, na bila kujisifu ni nzuri. Waliokwisha kuiona hawajawahi kuona Panda ikipigwa picha namna hiyo. Kilio cha Yaya nimekiondoa chote. Maneno yale hayana kesi, basi yasiwe na watazamaji. Na baba wa filamu yangu sasa hafi. Anang'oa matawi.

Matawi yenyewe yalikauka nyuma ya jiko, na ndiyo niliyowashia moto siku nilipopika bukari yangu ya kwanza. Mimi, na diploma yangu. Papa alitafuna, akafikiri.

"Iko na madonge," akasema, akaendelea kula.

Simu ikalia. Alikuwa Yaya, na nyuma yake sauti za watoto wengi wanaogombana. Papa alinyoosha mkono wenye bukari, akazima redio.