Mgonjwa wa Mfano

Mafunzo yalifanyiwa papo hapo mapokezini, katika kituo cha afya nilichofanyia kazi karibu na Ukunda. Mkufunzi alitoka Mombasa. Asubuhi nzima alitufundisha sisi wa mapokezi namna ya kumsikiliza mgonjwa na kumwelekeza kwenye huduma inayomfaa. Mchana akataka mfano wa kweli, akamwashiria mama mmoja aliyekaa peke yake mwisho wa benchi.

Aliniambia nimhudumie mimi. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza shida yake, nikainama anijibu sikioni. Alikuwa ametoka kisiwani, Mkwiro, amevuka maji alfajiri.

"Sauti, mama," mkufunzi akasema. "Wanafunzi wangu hawasikii."

Mama alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu. "Mkojo hunitoka wenyewe," akasema. "Tangu nilipozaa."

Mwanamke wa karibu zaidi benchini alimwinua mtoto wake, akasogea mbali.

"Haya," mkufunzi akatuuliza. "Huyu tunampeleka wapi?"

Wenzangu wakanyoosha mikono kama watoto wa shule. Mmoja akasema kliniki ya wajawazito, wakacheka. Mwingine akasema hospitali ya Msambweni, kwa daktari wa upasuaji, kwa kuwa ugonjwa huo hutibika. Mkufunzi akamsifu, tukaambiwa tumpigie makofi. Mama alipoinuka, benchi lilikuwa limelowa. Mkufunzi akamwita mfagiaji alete dawa ya kusafishia, tena kwa sauti ileile ya kufundishia.

Nilimfuata mama nje. "Mama, kesho nitakupeleka Msambweni mimi mwenyewe. Hutaulizwa kitu mbele za watu."

"Mwanangu," akasema, akiikaza leso yake kiunoni, "mume wangu aliniacha kwa ajili ya jambo hili. Lakini hakunitangaza."

Madirisha yetu yalikuwa wazi. Mwenye bodaboda aliyekuwa akingoja abiria hapo nje alitandika gunia juu ya kiti kabla hajampakia. Mama aliliona, akapanda.

Kesho yake hakuja. Siku yangu ya mapumziko nilivuka hadi Mkwiro. Niliuliza nyumba baada ya nyumba, na kila niliyemuuliza alitaka kujua mama huyo anaumwa nini. Sikuwajibu. Dada yake alinipokea mlangoni, akasimama katikati nisione ndani.

"Amesema akija mtu wa hospitali, yeye hayupo."

"Mwambie hutibika."

"Anajua. Mlimwambia na watu wote wakasikia."

Ndani mtu alikuwa akifua. Yule dada akafunga mlango.