Maji ya Kutema Hasira

Katika nyumba zote nilizolala ugenini, ni moja tu ambayo mwenyeji aliniambia usoni kinachomuudhi kwangu, kisha akanipakulia chakula. Nyumba hiyo ilikuwa milimani Taita, miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa kijana wa Tanga mwenye kanzu mbili na maringo ya kuwatosha watu kumi.

Nilialikwa na rafiki yangu, Mtaita tuliyefanya naye kazi kwenye shamba la mkonge huko kwetu Tanganyika. Kwa miaka minne alinisifia milima yao, baridi yake na miwa yake, hata tulipopata likizo nikaona heri nikaione hiyo pepo. Tulipanda treni pamoja. Tulipofika Mwatate nikashuka, yeye akabaki dirishani. Alisema anaendelea hadi Voi kumjulia hali mgonjwa, ambaye safari nzima hakuwa amemtaja, kesho angenifuata. Akanionyesha njia kwa kidole, treni ikaondoka, nami nikapanda mlima nikiwa mgeni asiye na mwenyewe.

Kesho hiyo haikufika. Kila jioni mama yake aliniuliza mwanawe yuko wapi, nami ikanibidi nimzidishie yule mgonjwa wa Voi maradhi mapya, mpaka nikahofu nitalazimika kumzika.

Nyumbani mle alikuwamo mama huyo na mumewe, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na kofia nyeusi ambayo hakuivulia mtu ila Mungu. Alikuwamo pia mjukuu wao, mtoto mchanga, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Huyo marehemu ndiye dada wa rafiki yangu. Mtoto alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe mmoja mwekundu, aliyemtazama kila mtu kama karani wa serikali.

Nililishwa vizuri kupita nilivyostahili. Nilikula kimanga, yaani muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, nikaletewa na kuku nimchinje mwenyewe kwa kuwa mama alikuwa amesikia kwamba Waislamu wana masharti yao. Nami nilionyesha ustaarabu wetu wa pwani: nilioga asubuhi, nikaoga jioni, na katikati nikatawadha. Maji yalitoka mtoni, bondeni kabisa, yakapanda mgongoni kwa mama. Kwetu maji ni maji, hayaulizwi yametoka wapi.

Juma la pili ng'ombe akazuia maziwa. Mama akimshika chuchu, anapigwa teke. Mtoto alipewa uji mwepesi akautema, akalia kutwa nzima. Siku iliyofuata kilio kikaanza kufifia, na hapo ndipo sote tulipoogopa. Mzee aliomba sala ndefu iliyopita Misri, ikavuka bahari pamoja na wana wa Israeli. Ng'ombe alicheua tu.

Alasiri mama akasema katika nyumba ile kuna mtu aliyeficha hasira moyoni, na ng'ombe ameijua. Dawa yake ni kutasa, jambo la wazee wao: unasema hasira yako, unatia maji kinywani, unaitema pamoja nayo, unaomba heri. Mzee akasema hayo ni mambo ya giza, yeye hayumo. Akatoka kwa hasira, akaenda kusimama nyuma ya ukuta, mahali pazuri pa kusikia kila neno.

Mama alishika kibuyu cha maji akanigeukia mimi.

"Mwanangu, nina hasira na wewe," alisema. "Unaoga asubuhi, unaoga jioni, na hayo maji ni mgongo wangu. Lakini si hiyo. Kila nikikupakulia, naona mkono unaopokea si wa mtoto wangu. Miaka minne. Dada yake tumemzika yeye hayuko. Hasira itoke, mtoto apate maziwa."

Akapiga funda, akayatema kwa nguvu, mengine yakatua kwenye kanzu yangu safi. Huko kwetu ukitemewa hivyo, mnafikishana kwa kadhi. Mimi nilisimama pale nisijue kama nimetukanwa au nimebarikiwa, na machozi yakinilenga. Akanipa kibuyu.

Nikasema hasira yangu ni juu ya mwanawe. Hakuna mgonjwa Voi. Yuko huko, anaogopa kupanda mlima, na sijui anaogopa nini. Nikatema, na kwa aibu maji yangu hayakufika mbali.

Mzee akaingia. Alivua kofia, akaiweka juu ya kigoda, akanipokonya kibuyu.

"Mimi ndiye," alisema. "Siku anaondoka nilimwambia asikanyage hapa nikiwa hai. Nimechoka nalo neno hilo. Arudi."

Alikuwa hajatema maji tangu abatizwe, na ilionekana. Yalimtiririka ndevuni mpaka kwenye kola, mama akamfuta kwa kanga yake, na hakuna aliyethubutu kucheka ila mimi, kidogo.

Asubuhi ng'ombe akakubali kukamuliwa. Maziwa hayakuwa mengi, lakini mtoto alishiba akalala. Mwalimu mmoja wa kule alinieleza baadaye kwamba ni majani mabichi aliyokula ng'ombe yaliyofanya kazi. Sikubishana naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, hata kama anapona kwa kukutemea maji.

Siku hiyohiyo nilishuka Voi. Nilimkuta rafiki yangu kwenye hoteli iliyo karibu na stesheni, mbele ya kikombe cha chai iliyopoa. Begi lake lilikuwa miguuni, kamba bado imefungwa kama tulivyoifunga Tanga. Nilikuwa nimepanga njia nzima kumtukana, nikashindwa.

Akaniuliza baba yake amesema nini juu yake. Nikamwambia ametema maji, kasema arudi.

Akainamisha uso mezani, na mabega yakamtikisika. Watu wa meza nyingine wakajifanya wanatazama treni ambayo haikuwapo. Kisha akainua kichwa, akaniuliza kama mzee alivua kofia.

Nikamwambia alivua. Akainuka, akachukua begi lake akatoka, akaniacha mimi nilipie chai.